"Borrow" au "lend", "rob" au "steal", "say" au "tell": nawatenganishiaje wanafunzi?

Mwl_KidatoChaPili

Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, shule ya kata. Kuna makosa ambayo ukiyasahihisha leo, wiki ijayo unayakuta yamerudi kwenye madaftari yaleyale:

Borrow me your pen.
I was stolen my phone.
Teacher said us to sit down.
This song remembers me my village.
Explain me this question.

Kamusi haiwasaidii. Mwanafunzi akitafuta "borrow" anakuta kuazima, akitafuta "lend" anakuta kuazima, anabaki palepale alipokuwa. Je, kuna njia moja ya kuyashika yote haya kwa pamoja, au kila neno lazima lifundishwe kivyake? Nina kipindi cha dakika 40. Pia wananiuliza kuhusu "rent", "hire" na "let", naomba mnigusie.

---

Mkalimani_Bandarini

Mwalimu, hayo makosa matano ni ndugu wa tumbo moja. Kiswahili kina mzizi mmoja kisha kinacheza na mkia wa kitenzi: kopa, kopesha, kumbuka, kumbusha, iba, ibia, ibiwa, eleza, elezea. Kiingereza hakina mikia hiyo. Kazi inayofanywa na -ia, -isha na -wa kwetu, kwao inafanywa ama na neno jingine kabisa, ama na kihusishi kama "to", "from" na "of". Mwanafunzi anabeba mzizi wa Kiswahili, mkia anauacha nyuma. Kwa hiyo kabla hajaandika Kiingereza, mfundishe kuutazama mkia.

Tuanze na "borrow" na "lend". Kwa "borrow", mtenda ndiye anayepokea, na muundo wake ni kitu kwanza, halafu "from", halafu mtu: I borrowed a pen from Asha. Kwa "lend", mtenda ndiye anayetoa, nayo ina miundo miwili: Asha lent me a pen, au Asha lent a pen to me. "Borrow" haikubali mtu akae mara baada yake. "Borrow me" haina mlango wa kupitia.

Tatizo ni kitenzi azima, kwa sababu kinafanya kazi zote mbili bila kubadilika: "nimeazima kalamu kwa Asha" nimepokea, "niazime kalamu" unipe. Hapo mkia haumsaidii mwanafunzi. Mwambie aweke kopa na kopesha kwa muda, hata kama si fedha. Kila mtoto anajua "alinikopa" maana yake alichukua kwangu, na "alinikopesha" maana yake alinipa. Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend". Akishajua yuko upande gani, anarudisha kalamu mahali pake kwenye sentensi.

Zoezi linaloshika haraka: ombi moja, watendaji wawili. Can I borrow your pen? Can you lend me your pen? Ombi ni lilelile. Ukibadilisha "I" kuwa "you", kitenzi lazima kibadilike. Wapige mara kumi kumi kwa vitu vilivyo juu ya dawati: rula, ufutio, kikokotoo. Usisahau wakati uliopita, ni "lent", wengi huandika "lended".

Mambo mawili madogo. Kwanza, "borrow" ni kwa kitu unachoondoka nacho na utakachorudisha. Choo huazimi, unasema Can I use your toilet? Karatasi moja ya daftari nayo hutarudisha, basi ni Can I have a sheet of paper? Pili, "loan" kwa Uingereza hukaa zaidi kama nomino, mkopo. Marekani hulitumia pia kama kitenzi, He loaned me some money. Si kosa, ila kwenye mtihani wetu "lent" haina mtu wa kuibishia.

"Rent" ni kama azima yetu, inaelekea pande zote. Mpangaji rents a room from mtu, mwenye nyumba rents a room to mtu. Ukitaka kumtaja mwenye nyumba bila utata, sema "rent out" au "let". Vibao vya TO LET vilivyojaa Nairobi vimeandikwa na wenye nyumba, vinasema nyumba inapangishwa. Mpangaji hawezi kusema I let a room kama amepanga. "Hire" Uingereza ni kukodi kwa muda mfupi, gari, baiskeli, ukumbi wa harusi. Mmarekani gari ata-"rent", na "hire" ataiweka zaidi kwa watu, kuajiri.

---

Karani_wa_Kortini

Naongeza kwenye "steal" na "rob", maana hapa tofauti si ya sarufi tu. Kuna watu wanafungwa miaka tofauti kwa ajili yake.

Swali la kumuuliza mwanafunzi: baada ya kitenzi kinakuja nini? Baada ya "steal" huja kitu kilichochukuliwa. Baada ya "rob" huja mtu au mahali palipochukuliwa. They stole the money. They robbed the bank. Ukiandika They stole the bank, wamelibeba jengo. Ukitaka kutaja vyote kwenye "rob", kitu kinakuja mwisho kwa "of": They robbed him of his phone. Kwenye "steal" mtu ndiye anayekuja mwisho, kwa "from": They stole a phone from him.

Sasa "I was stolen my phone". Imetoka moja kwa moja kwa "niliibiwa simu". Iba imepata -ia ikawa ibia, ikapata -wa ikawa ibiwa, na mtu akapanda kuwa kiima huku simu ikibaki mahali pake. Kiswahili kinaruhusu hivyo bila shida. "Steal" hairuhusu. Ukisema I was stolen, wewe ndiye uliyechukuliwa, umetekwa. Njia za kutoka ni hizi: My phone was stolen. I had my phone stolen. I was robbed of my phone.

Lakini hiyo ya mwisho isitumiwe ovyo. "Rob" inabeba nguvu au vitisho. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 285, na ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 295, zote zinataka wizi uambatane na matumizi ya nguvu au tishio la nguvu wakati wa tendo, kabla yake kidogo au mara baada yake, ili kukipata kitu au kukizuia kisirudi. Huo ndio unyang'anyi. Simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala bila wewe kujua, hujawa "robbed" kisheria, ni "stolen". Ukikabwa njiani, kile Nairobi wanaita kupigwa ngeta na Dar kupigwa kabali, ni "robbed", na mtaani Mwingereza atasema "mugged". Aliyekwapuliwa simu na mtu wa pikipiki atasema My phone was snatched.

Halafu "burgle", Mmarekani husema "burglarize". Ni kuingia ndani ya jengo ili kuiba, na baada yake hutajwa nyumba au mwenye nyumba: Our house was burgled, We were burgled. Kwa Uingereza, tangu Theft Act ya mwaka 1968, saa haijalishi, mchana ni "burglary", usiku ni "burglary". Kwetu sharti la usiku lipo bado. Kifungu cha 294 cha Tanzania na cha 304 cha Kenya vinasema kuvunja na kuingia makazi ya watu mchana ni "housebreaking", na usiku kosa lilelile linaitwa "burglary" na adhabu yake inapanda. Anayetafsiri hati ya mashtaka akaandika "burglary" kwa tukio la saa nane mchana ameandika kosa jingine.

---

Mwl_KidatoChaPili

Asanteni sana, hiyo ya alinikopa na alinikopesha naanza nayo kesho. Bado "said us" na "explain me". Ninachoshangaa ni kwamba "tell me" inakubalika na "explain me" haikubaliki, wakati kwetu niambie na nieleze zinaenda sawa.

---

Mhariri_wa_Tafsiri

Swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili.

"Say" na "tell" zinakaribia sana sema na ambia. Huwezi kusema "aliambia kwamba anaumwa" ukaishia hapo, kitenzi kinadai mtu: aliniambia, aliwaambia. "Tell" nayo inadai mtu vilevile: He told me that he was sick. Sema haidai mtu, na "say" haidai: He said that he was sick. Ukilazimika kumtaja mtu kwenye "say", unapitia "to": He said to me. Kwa hiyo "teacher said us" ni "mwalimu alisema sisi", na mwanafunzi ukimsomea hivyo kwa Kiswahili atacheka mwenyewe. Amri hukaa kwa "tell": The teacher told us to sit down. Ukitaka maneno yenyewe ya msemaji ndani ya alama za mtajo, "say" ndiyo ya kawaida.

Kwenye kutendwa, niliambiwa ni I was told. Inasemekana ni It is said that, au He is said to be rich. I was said kwa maana ya niliambiwa haipo.

Kuna misemo michache ambapo "tell" haidai mtu, na hii lazima ikaririwe: tell the truth, tell a lie, tell a story, tell a joke, tell the time, tell the difference. Hapa Kiswahili kinakuponza, maana tunasema "sema ukweli" na mtoto anaandika say the truth. Upande wa pili kuna say a prayer, say yes, say no, say goodbye.

Sasa "explain". Kiswahili kinamruhusu mtendewa aingie ndani ya kitenzi chochote, ukitia -ia ikibidi: nieleze, nielezee, nitangazie, nipendekezee. Wakenya mnaita shamirisho kitondo, Tanzania vitabu vingi husema yambwa tendewa. Kiingereza kina vitenzi vinavyomkubali mtendewa amkalie karibu, na vingine vinamtaka akae mbali nyuma ya "to". Vinavyokubali: give, send, show, tell, lend, teach, bring, buy, cook, offer, promise. Vinavyokataa: explain, describe, suggest, announce, mention, say.

Ukiviangalia, vinavyokubali vingi ni vya silabi moja, au mkazo uko silabi ya kwanza, kama "offer" na "promise". Vinavyokataa vingi vimeingia kutoka Kifaransa na Kilatini na mkazo wake uko silabi ya pili: ex-PLAIN, de-SCRIBE, sug-GEST, an-NOUNCE. Soma kwa sauti, sikiliza mkazo uko wapi, na kwa vitenzi vingi vya kidato cha pili utapata jibu. Sheria hii inavuja. "Say" ni silabi moja na inakataa, "mention" mkazo uko mwanzo na inakataa, na "allow" na "award" mkazo uko nyuma lakini zinakubali. Ila kwa mtoto anayekisia, kukisia kwa mkazo ni bora kuliko kukisia hewani.

Kwa hiyo: Explain this question to me. Describe the house to us. Na kitu kinachoelezwa kikiwa kirefu, "to me" inaweza kutangulia: Explain to me why the answer is wrong. Hiyo ndiyo sura utakayoihitaji mara nyingi darasani.

"Suggest" ina shimo lake peke yake. "Alinipendekezea niende hospitali" watoto huandika He suggested me to go. Sahihi ni He suggested that I go, au He suggested going. Ukitaka muundo wa mtu na "to", chukua "advise": He advised me to go.

---

Lugha_Pwani

Naafiki mengi, ila huu mtihani wa mkia usiuzwe kama dawa ya kila ugonjwa. Unafanya kazi pale Kiswahili kinapotenganisha na Kiingereza kinatenganisha. Kumbuka na kumbusha, sawa: "remember" na "remind". This song reminds me of my village, na "of" hiyo isidondoke. Remind me to buy salt, nikumbushe ninunue chumvi. "Remind" kila mara inataka mtu baada yake.

Inuka na inua, panda na pandisha, sawa pia. Bei zimepanda, Prices have risen. Wamepandisha bei, They have raised prices. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikitangaza bei za mafuta tarehe 14 ya mwezi, magazeti ya Nairobi yanakupa mifano ya bure ya vyote viwili. "Rise" ni rise, rose, risen na haina kitu baada yake. "Raise" ni raise, raised, raised na lazima iwe na kitu.

Lala na laza ni "lie" na "lay", mkia unakuonyesha vizuri kabisa, lakini maumbo yenyewe ni mtego: lie, lay, lain, na lay, laid, laid. "Lay" ya pili si ile ya kwanza. Yesterday I lay on the mat, nilijilaza mkekani. I laid the baby on the mat, nilimlaza mtoto. Na kudanganya ni lie, lied, lied. Waingereza wenyewe huchanganya wakizungumza, wasahihishaji wetu hawachanganyi.

Sasa mahali ambapo mkia haukusaidii. Rudi na rudisha zote ni "return" (na "return back" ni maji juu ya maji, toeni hiyo "back"). Na yapo maneno ambayo Kiswahili ndicho kinachobeba mengi: nasikia muziki, nasikia njaa, nasikia harufu, nasikia baridi. Hapo hakuna mkia wa kutazama, ni neno moja na Kiingereza kinataka matatu: I hear music, I feel hungry, I smell something burning, na baridi ni I feel cold. Sikiliza ni "listen", na inataka "to".

Tegemea ndiyo mbaya zaidi siku hizi. Mtu anasema "nategemea kusafiri kesho" akimaanisha natarajia, kisha anaandika I depend to travel tomorrow. "Depend on" ni kuegemea mtu au kitu: The crop depends on the rain. Ukiwa na uhakika kiasi kwamba jambo litatokea, ni "expect". Ukilitaka tu bila uhakika, ni "hope". Ukilisubiri kwa furaha, ni "look forward to", na baada yake kitenzi kinachukua -ing: I look forward to meeting you. Kwenye barua rasmi za mtihani "I look forward to hear from you" hupoteza alama kila mwaka.

---

Mkalimani_Bandarini

@Lugha_Pwani kweli, ndiyo maana nilisema autazame mkia kabla hajaandika. Sikusema mkia utamwandikia.

Mwalimu, kwa dakika 40 usijaribu yote. Chukua jozi tatu: borrow na lend, steal na rob, say na tell. Dakika 5 za mwanzo andika sentensi sita za Kiswahili ubaoni, mbili kwa kila jozi, na wapigie mstari mkia wenyewe. Dakika 15 wajibu kwa mdomo maswali mawili kwa kila sentensi: kitu kinatoka kwa nani kwenda kwa nani, na baada ya kitenzi cha Kiingereza anakuja mtu au kitu? Wasitafsiri bado. Dakika 15 zinazofuata ndipo waandike Kiingereza, na zilizobaki wabadilishane madaftari. Usiwape orodha ya maneno yenye maana zake pembeni, orodha hiyo ndiyo inayozaa "borrow me".

"Remind" na "explain" zipeleke kipindi cha pili, na hapo ongeza vitenzi vya kutendwa vinavyotoka kwa -iwa: nilifiwa na baba si I was died by my father, ni My father died au I lost my father. Tulinyeshewa, We were rained on inaeleweka na ni sahihi, ila kinachosemwa zaidi ni We got caught in the rain. Nilikimbiwa na mke ni My wife left me. Wape "nilizaliwa" mwishoni kama kipimo: ina -wa, na Kiingereza nacho kina I was born, lakini nusu ya darasa wataandika I am born au I born.

---

Karani_wa_Kortini

Na "learn me" ikijitokeza, jifunza ina ji- ndani yake, inarudi kwa mtenda mwenyewe, hiyo ni "learn". Fundisha ni "teach". Hapo hawana haja ya kipindi kizima.